Kesi ya leseni ya pombe inahusu nini na ini lako?

Watu wengi wakisikia kuna kesi mahakamani kuhusu leseni au bei ya pombe hudhani ni ugomvi wa wafanyabiashara na serikali. Wanaona mawakili, mabunda ya karatasi na fedha za kodi, kisha wanafungua ukurasa wa michezo. Mimi huzisoma kesi hizo kama ninavyosoma majibu ya maabara. Saa ya kufungua baa, umbali wa grosari kutoka shuleni, ukubwa wa chupa na bei ya toti moja huamua ni nani atakayelala wodini kwetu miaka mitano ijayo.

Leo nitawaeleza kesi moja iliyochukua zaidi ya miaka mitano kwa sababu ndani yake majaji walilazimika kuuliza swali ambalo kila mzazi na kila mgonjwa wa ini angependa kulijua jibu lake: je, pombe ikiuzwa kwa bei isiyo ya kutupa, watu watapona?

Bei iliyowekwa ndani ya leseni

Kesi hiyo ni ya Scotland, nchi iliyo ndani ya Uingereza na yenye sifa duniani kwa wiski. Kwa miaka mingi Scotland ilikuwa pia na sifa mbaya ya vifo vingi vinavyotokana na pombe, hasa magonjwa ya ini. Sheria yao ya leseni ya mwaka 2005 ilikuwa na kipengele kizuri. Inaitaja afya ya jamii na ulinzi wa watoto miongoni mwa makusudi ya kutoa leseni ya kuuza pombe. Maana yake, anayetoa leseni anapaswa kujiuliza habari za vurugu na kelele, na pia habari za magonjwa.

Mwaka 2012 Bunge la Scotland lilikwenda hatua moja mbele. Lilipitisha sheria ya kuweka bei ya chini kabisa ya pombe, na bei hiyo ikafanywa sharti la leseni. Muuzaji akiuza chini ya hapo anaiweka leseni yake hatarini. Bei haikupangwa kwa chupa. Ilipangwa kwa kiasi cha kilevi kilichomo: peni 50 kwa kila mililita 10 za alkoholi halisi, ambazo ni sawa na gramu 8.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua chupa ya lita tatu ya pombe ya tufaha yenye nguvu ya asilimia 7.5, kinywaji kilichopendwa na wanywaji wakubwa wasio na fedha. Ndani yake mna mililita 225 za alkoholi halisi, yaani vipimo 22 na nusu. Kwa sheria mpya chupa hiyo haiwezi kuuzwa chini ya pauni 11 na peni 25. Kabla ya hapo ilipatikana madukani kwa bei ya chini sana kuliko hiyo. Wiski ya kawaida ya dukani iliguswa kidogo, na bia ya kwenye baa haikuguswa kabisa kwa kuwa tayari ilikuwa juu ya bei hiyo. Sheria ililenga kitu kimoja: pombe kali kwa fedha kidogo.

Miaka mitano mahakamani

Chama cha wazalishaji wa wiski wa Scotland, pamoja na vyama vya wazalishaji wa mvinyo na pombe kali wa Ulaya, walikwenda mahakamani kuipinga. Hoja zao zilikuwa mbili kubwa. Ya kwanza, sheria ilizuia bidhaa kuuzwa kwa uhuru ndani ya soko la Ulaya, ambalo Uingereza ilikuwa bado imo. Ya pili, kama nia ni afya, serikali ingeweza tu kupandisha kodi.

Mwaka 2013 jaji wa kwanza aliikataa hoja yao. Wakakata rufaa. Shauri likapelekwa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo Desemba 2015 ilisema bei ya chini inaweza kuwa kinyume cha sheria ikiwa kodi ingeweza kuleta matokeo yaleyale ya afya kwa kulibana soko kidogo zaidi. Ilirudisha kazi ya kupima ushahidi kwa mahakama za nyumbani. Oktoba 2016 mahakama ya Scotland ikaipa serikali ushindi, wazalishaji wakakata rufaa tena, na Novemba 15, 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza, ikiwa na majaji saba waliokubaliana wote, ikasema sheria ni halali.

Kilichonivutia mimi kama daktari ni kile majaji walichokubali kukisikia. Kodi humgusa kila mnywaji, hata yule anayekunywa bia moja Jumapili. Tena duka kubwa linaweza kuimeza kodi hiyo, likapunguza faida yake kwenye pombe na kuifidia kwenye mkate na sabuni. Bei ya chini haiwezi kumezwa. Inamfikia moja kwa moja yule anayekunywa sana, anayekunywa cha bei ya chini, na ambaye mara nyingi ni maskini. Ndiye anayekufa mapema. Majaji waliona kwamba kulinda uhai wa kundi hilo kunatosha kuwa sababu ya kuingilia biashara.

Sheria ilianza kufanya kazi Mei 1, 2018. Kati ya kupitishwa kwake na kuanza kwake ilipita karibu miaka sita, nayo ini halisubiri tarehe ya kesi.

Matokeo yalikuwaje?

Bunge la Scotland lilikuwa limeweka sharti jingine la busara: sheria ingekufa yenyewe baada ya miaka sita isipokuwa wabunge wapige kura kuiendeleza. Kwa hiyo wataalamu walilazimika kupima. Walilinganisha Scotland na England, ambako bei ya chini haikuwapo. Waliona kwamba hadi mwisho wa mwaka 2020 vifo vinavyosababishwa moja kwa moja na pombe vilikuwa pungufu kwa asilimia 13.4 kuliko vile ambavyo vingekuwapo bila sheria. Hiyo ni wastani wa watu 156 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilionekana kwenye maeneo ya watu maskini na kwenye magonjwa ya muda mrefu, hasa ya ini.

Mauzo ya pombe yote kwa jumla yalipungua kwa takriban asilimia 3 tu. Msomaji atauliza, inakuwaje mauzo yapungue kidogo hivyo na vifo vipungue zaidi? Jibu lipo kwenye namna ini linavyoumia.

Ini ni kiungo chenye uvumilivu mkubwa. Mtu anapokunywa mara kwa mara, kwanza hujaa mafuta. Hapo hakuna maumivu, na akiacha linarudi katika hali yake. Akiendelea, ini huvimba, halafu huanza kuweka makovu. Makovu yakizidi, ini husinyaa na kuwa gumu, na damu hushindwa kupita vizuri. Ndipo tunaona tumbo kujaa maji, macho kuwa ya njano, kutapika damu na mgonjwa kuchanganyikiwa. Katika jamii yoyote kuna watu wengi wanaotembea mitaani wakiwa ukingoni mwa hatua hiyo ya mwisho bila kujijua. Wakipunguza hata kidogo, wengine hawadondoki. Ndiyo maana vifo hushuka haraka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mvinyo ulipokuwa wa mgawo jijini Paris, vifo vya ini kusinyaa vilishuka sana ndani ya miaka michache, na vita vilipokwisha na mvinyo kurudi, vikapanda tena.

Lakini lazima niseme na upande wa pili. Wataalamu haohao walikuta kwamba kwa watu waliokwisha kuwa watumwa wa pombe, bei peke yake haikusaidia vya kutosha. Baadhi yao walipunguza chakula ili wanunue chupa. Baada ya janga la korona vifo vya pombe nchini Scotland vilipanda tena, na mwaka 2023 vilifika 1,277. Wabunge waliendelea na sheria hata hivyo, na kuanzia Septemba 30, 2024 bei ikapandishwa hadi peni 65, kwa sababu peni 50 ya mwaka 2012 ilikuwa imekwisha kuliwa na mfumuko wa bei. Fundisho ni kwamba bei huzuia wengi wasifike shimoni, na aliyekwisha kutumbukia anahitaji matibabu ili atoke.

Sisi tulikuwa na viroba

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Tanzania ilikutana na swali hilohilo kwa jina la kiroba. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba pombe kali iliyofungwa kwenye vipakiti vya plastiki ingepigwa marufuku kuanzia Machi 1 mwaka huo. Marufuku ilikuja kwa kanuni za sheria ya mazingira, lakini wazazi na walimu waliipokea kama habari ya afya. Kipakiti kilikuwa kinaingia kwenye mfuko wa sare ya shule. Bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wa mtoto aliyepewa nauli na fedha ya kitafunwa.

Hebu tupige hesabu ileile ya Scotland. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi halisi. Kiroba cha mililita 100 chenye asilimia 35 kina mililita 35. Mtoto aliyefyonza kipakiti kimoja kwa dakika mbili nyuma ya darasa alikuwa amepata kilevi kingi kuliko baba yake aliyekaa saa nzima na chupa ya bia.

Kenya nayo, kwa sheria ya udhibiti wa vileo ya mwaka 2010 inayojulikana mitaani kama sheria ya Mututho, ilizuia vifungashio vidogo kwa kuweka kiwango cha chini cha mililita 250 kwa pombe kali. Sheria hiyo pia inakataza leseni mpya ya baa kutolewa kwa eneo lililo chini ya mita 300 kutoka shule ya watoto walio chini ya miaka 18, na ikaweka saa za kufungua baa. Baada ya Katiba mpya, kazi ya kutoa leseni ikahamia kwenye kaunti.

Kwa nini mita 300 na saa za kufungua? Kwa sababu pombe ni bidhaa ya ukaribu. Anayejaribu kuacha akipita mbele ya kaunta mara nne kwa siku, atashindwa siku moja. Mtoto anayeona watu wazima wakinywa saa nne asubuhi anajifunza kwamba ndivyo asubuhi ilivyo.

Hofu ya gongo

Wapo wanaosema ukibana pombe halali, watu watakwenda kwenye gongo. Hofu hiyo ina msingi, nami siidharau. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya baada ya kunywa pombe yenye methanoli, na wengine walipoteza macho. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga kwa pombe yenye sumu.

Tazama vizuri, hata hivyo. Pombe ya namna hiyo huuzwa pale ambapo leseni haiheshimiwi na hakuna anayekagua kilichomo kwenye chupa. Dawa yake ni usimamizi. Kuilegeza leseni hakumkingi mnywaji na methanoli.

Na kwa kuwa sumu hii hudanganya, mjue dalili zake. Saa za mwanzo mtu huonekana amelewa kawaida. Baada ya saa 12 hadi 24 huanza kuumwa kichwa na tumbo, kutapika, kuhema kwa kasi na kuona ukungu au weupe kama theluji. Usimlaze akapumzike kwa kudhani ni mning'inio wa jana. Mpeleke hospitali yenye uwezo mara moja, na kama wenzake walikunywa kwenye chombo hichohicho, nao waende hata kama bado wanaona vizuri. Tiba ipo, lakini ikichelewa macho hayarudi.

Mzazi unaweza kufanya nini

Kliniki nimewahi kuulizwa na mama mmoja, "Daktari, grosari imefunguliwa ukuta kwa ukuta na shule ya wanangu, mimi nitasema nini na mwenye nyumba amekubali?" Nilimjibu kwamba mwenye nyumba hatoi leseni.

Nchini kwetu leseni ya vileo hutolewa na mamlaka ya leseni katika halmashauri. Anza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji na mtendaji wake. Toeni malalamiko kwa maandishi, mkiwa wazazi kadhaa, pamoja na kamati ya shule. Elezeni mambo yanayoonekana: umbali, saa za kufungua, watoto kuonekana ndani. Pelekeni nakala kwa ofisi ya biashara ya halmashauri. Kumbuka leseni ina muda wake na hutakiwa kuombwa upya. Wakati huo ndio sauti yenu ina uzito. Kwa wasomaji wetu wa Kenya, sheria ya mwaka 2010 inatoa nafasi ya wananchi kupinga ombi la leseni kabla halijaamuliwa. Itumieni.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Hiyo inahusu pia kumtuma. Mzazi anayempa mtoto fedha akamletee bia dukani anamfundisha njia ya kaunta, na anamfundisha muuzaji kutouliza umri.

Nyumbani, pombe iwekwe mahali mtoto hafiki, wala isihifadhiwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mdogo akinywa hata kiasi kidogo cha pombe kali, sukari yake ya damu inaweza kushuka ghafla akapata degedege. Ukimkuta amekunywa, usimtapishe. Mlaze kwa ubavu kama amelegea, na mwahishe hospitali. Kwa vijana, ubongo unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na anayeanza kunywa akiwa na miaka 13 au 14 ana hatari kubwa zaidi ya kuwa mtumwa wa pombe ukubwani kuliko aliyesubiri. Kwa mama mjamzito, hakuna kiasi kilichothibitika kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.

Na wewe mgonjwa

Kama una homa ya ini ya aina yoyote, kisukari, kifua kikuu au unatumia dawa za kila siku, mwambie daktari wako ukweli kuhusu unachokunywa. Dawa za kifua kikuu hupita kwenye ini lilelile linalohangaika na pombe. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide anaweza kushukiwa na sukari usiku akidhaniwa amelewa. Hatuulizi ili tukuhukumu. Tunauliza kwa sababu kipimo cha dawa kinategemea jibu lako.

Kama unakunywa kila siku na ukikosa asubuhi mikono inatetemeka na jasho linakutoka, usiache ghafla peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mara moja unaweza kuingia kwenye degedege, kuona vitu visivyokuwepo na hata kifo, hasa ndani ya siku tatu za mwanzo. Nenda kituo cha afya uachishwe kwa dawa na vitamini, ukiwa chini ya uangalizi. Familia nayo isimfungie mtu ndani kwa nia njema.

Na kama macho yameanza kuwa ya njano, miguu au tumbo limevimba, unatapika damu au choo ni cheusi kama lami, usisubiri Jumatatu.

Waliopinga sheria ya Scotland walikuwa na haki ya kwenda mahakamani, na majaji walikuwa na wajibu wa kuwasikiliza. Ila katika miaka ile yote mezani palikuwa na wenye viwanda upande mmoja na serikali upande wa pili, na mnywaji aliyekuwa anasinyaa ini akiwakilishwa na takwimu. Katika halmashauri yako mezani pana kiti cha mzazi. Leseni ya grosari iliyo karibu na shule ya mwanao itakapofika wakati wa kuombwa upya, kikalie.